Kuhusu Shavu la Mguu Wangu wa Kushoto

Kuwabara Isao,
Seremala mstaafu,
Mtaa wa Juu, Nagusawa.
24 Septemba

Kwa Bwana Minegishi,
Mkuu wa Idara ya Afya,
Halmashauri ya Mji wa Nagusawa.

Mheshimiwa Bwana Minegishi,

YAH: OMBI LA KUHESABIWA UPYA MIAKA YANGU, NA IKIBIDI JINSIA YANGU, KUANZIA GOTINI KUSHUKA CHINI

Mpunga umeinama, kereng'ende wamejaa juu ya mifereji, na asubuhi mtu ameanza kuulizia soksi zake ziko wapi. Natumaini barua hii inakukuta wewe na watumishi wa idara yako mkiwa wazima, na mashavu yenu yote, ya usoni na ya miguuni, hayana shida. Mimi kwa jumla ni mzima. Kwa rejareja ndipo lilipo tatizo.

Sihitaji kujieleza sana. Meza ya mapokezi ya ofisi yako niliitengeneza mimi, ile ambayo miaka ishirini na sita haijalia hata kidogo mtu akiiegemea. Nataja hilo si kwa kujisifu bali ili ujue unaandikiwa na mtu anayejua vipimo.

Jumatatu iliyopita, Siku ya Kuwaheshimu Wazee, idara yako ilituheshimu kwa kutuita kwenye ukumbi wa shule ya zamani na kutupima nguvu za mashavu ya miguu. Utaratibu unaujua: mtu anasimama kwa mguu mmoja akitazama ukuta, ncha za vidole vya mkono zimegusa ukuta, kisha anachuchumia, yaani anainuka kwa ncha za vidole vya mguu, mpaka utosi uguse uzi uliofungwa juu, anashuka, anapanda tena, kwa kufuata kidude kinachopiga tik, tak, mpaka mguu ukatae. Idadi yake inapelekwa kwenye jedwali lililobandikwa ukutani. Jedwali lina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na kila upande umekatwakatwa kwa umri kama keki ya harusi.

Kwa wengine huo ulikuwa mchezo wa sikukuu. Kwangu haukuwa mchezo. Mwaka jana, siku ya sherehe ya mavuno, tulipokuwa tukimpandisha mungu wetu hekaluni ndani ya mikoshi, kile kihekalu cha kubebwa mabegani kwa mipiko, mikoshi iliyumba kwenye jiwe la arobaini na moja la ngazi na paa lake likagonga taa ya mawe. Jiwe lile lilikuwa na utelezi. Nimelisema hilo tangu siku ile na sijachoka kulisema. Hata hivyo chama cha mtaa kikaamua kwamba kuanzia mwaka huu kila mtu aliyevuka miaka sabini anayetaka kubeba alete karatasi ya idara yako yenye neno "Amefaulu".

Bwana Minegishi, mimi nimeushika mpiko wa mbele kushoto miaka sitini, ukitoa ule mmoja nilipoanguka kutoka kwenye paa la watu. Kabla yangu aliushika baba yangu. Karatasi yangu ya Jumatatu imeandikwa "Chini ya kiwango". Sherehe ni tarehe 18 Oktoba. Nisipopata karatasi nyingine, siku hiyo nitasimama kando ya barabara nikipiga makofi, na sijawahi kujua mikono inawekwa wapi mtu akiwa kando ya barabara.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu, kwa heshima na kwa namba.

1. Kuhusu kumi na saba.

Nilichuchumia mara kumi na saba kwa mguu wa kushoto. Mke wangu Fumie, mwenye miaka sabini na saba, naye alichuchumia mara kumi na saba. Ni ukumbi uleule, uzi uleule, tik tak ileile. Yangu ikaandikwa "Chini ya kiwango" kwa sababu mwanamume wa miaka sabini na mitano hadi sabini na tisa anadaiwa ishirini. Yake ikaandikwa "Bora sana", kwa sababu mwanamke wa umri huohuo anadaiwa kumi na nne tu, na akifika kumi na saba anapewa nyota. Alipewa nyota kweli, ya karatasi, akaibandika kwenye jokofu. Kila nikienda kuchukua maziwa ya soya inanitazama.

Mimi ni seremala. Rula yangu inapima ubao wa mwanamke na ubao wa mwanamume sawasawa. Sijawahi kumwambia mteja, "Mama, dirisha lako lina upana wa shaku nne, lakini kwa kuwa wewe ni mwanamke tutasema ni tano, hongera." Kumi na saba ni kumi na saba. Kama idara yako ina kumi na saba za aina mbili, naomba nionyeshwe zinakohifadhiwa.

2. Kuhusu umri.

Nilizaliwa tarehe 2 Oktoba. Nilipimwa tarehe 21 Septemba, nikiwa na miaka sabini na tisa na siku kumi na moja za kungoja. Mwanamume wa miaka themanini anadaiwa kumi na sita. Maana yake ni kwamba shavu la mguu wangu, ambalo Jumatatu lilikuwa aibu ya mtaa, tarehe 2 Oktoba asubuhi litaamka likiwa shujaa bila mimi kufanya lolote ila kula keki. Na siku ya sherehe nitakuwa na themanini kamili. Nikauliza kama naweza kupimwa tena baada ya siku yangu ya kuzaliwa. Nikajibiwa kwamba kipimo ni mara moja kwa mwaka na kinachotazamwa ni umri wa siku ya kipimo.

Sawa. Basi tuutazame huo umri. Nyumbani kwetu, kama kwa babu zetu wote, mtoto akizaliwa tayari ana mwaka mmoja, na kila Mwaka Mpya unapoingia sote tunaongeza mmoja kwa pamoja, hakuna anayemwacha mwenzake nyuma. Kwa hesabu hiyo mimi nina miaka themanini na mmoja tangu Januari. Hekaluni wanatumia hesabu hiyo. Kwenye mawe ya makaburi wanatumia hesabu hiyo. Nenda kamwangalie baba yangu kule mlimani: alikufa na sabini na tatu kwa serikali, lakini jiwe linasema sabini na nne, na hajawahi kulalamika. Mikoshi ni ya hekalu. Anayebeba cha hekalu ahesabiwe kwa hesabu ya hekalu. Au idara yako inataka kwanza nife ndipo nifaulu?

3. Kuhusu jinsia.

Hapa naomba usome ukiwa umekaa.

Ikiwa hamwezi kubadilisha jedwali wala miaka yangu, naomba niandikwe mwanamke. Si mwili mzima. Kuanzia gotini kushuka chini, na kwa mguu wa kushoto peke yake, maana wa kulia sina ugomvi nao. Kuanzia gotini kupanda juu nitaendelea kuwa mwanamume, mkuu wa kaya, mlipa ushuru, na mwanachama wa kikundi cha zimamoto ambaye jina lake halijafutwa.

Ombi hili halina ajabu kama linavyoonekana. Sisi wanaume wa umri wangu tulilelewa kuchuchumaa. Tulichuchumaa tukipiga randa, tukila, tukisubiri mvua ikatike. Kuchuchumia tuliwaachia wanawake. Leo mnakuja na kipimo cha kuchuchumia, halafu mnatudai sisi zaidi. Ni kama kumpima kuku kwa kuogelea na kumwambia, kwa kuwa wewe ni jogoo, ogelea mara mbili.

Niliyasema haya palepale ukumbini, kwa upole, mbele ya yule binti yenu wa tiba ya viungo, Bi Sakurai Honoka. Akanijibu kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anayekataa uji: "Babu, jedwali si la kumwonea mtu. Miili ya wanaume na wanawake haifanani, na misuli inapungua na miaka. Tunakufananisha na wenzako tu."

Nikamwambia wenzangu wengi wako mlimani kwa baba yangu, na nina hakika nimewashinda wote kwa mbali.

4. Kuhusu neno "Babu".

Bi Honoka si mjukuu wangu. Wajukuu wangu wawili wako mjini, na hata wao huniita Babu pale tu wanapotaka kitu. Naomba watumishi waelekezwe kusema "Bwana Kuwabara". Pia waelekezwe wasipige makofi mtu anaposhindwa.

5. Kuhusu Bwana Nezu.

Jirani yangu Nezu Teiji ana miaka themanini na sita na urefu wa ndoo mbili. Alichuchumia mara kumi na mbili na kufaulu, kwa sababu wenye themanini na mitano kwenda juu wanadaiwa kumi na moja. Mtu wa kumi na mbili amefaulu na mtu wa kumi na saba ameanguka. Tangu siku ile hapiti mlangoni kwangu bila kupaza sauti. Jana alikuwa na baiskeli, akaisimamisha kwa makusudi.

"Kuwabara! Mwaka huu utatushikia viatu?"

"Pita, Nezu. Barabara ni ya wote."

"Usinune bwana! Kaza moyo, kua kidogo. Ukifika umri wangu watakupa kwa kumi na moja!"

Nilikuwa na kijiti cha meno mdomoni. Lakini nakuuliza wewe uliyesoma: tangu lini mtu akaambiwa akue mpaka achoke, ndipo nguvu zake zitoshe?

6. Kuhusu mazoezi ya siri ya mke wangu.

Jambo hili ni zito na sikupenda kulileta, maana la nyumbani huishia nyumbani. Lakini haki ni haki.

Miaka hamsini na miwili iliyopita, mwaka tuliooana, nilitengeneza rafu ya jikoni. Ni kazi ambayo hata leo siionei haya: mbao za mwerezi, hakuna msumari hata mmoja, bakuli zote za nyumba zinakaa pale pamoja na kopo la miso na birika la wageni. Niliipima kwa bega langu na kuiweka usawa wa macho yangu, kwa sababu macho yangu ndiyo yaliyokuwepo pale siku ile. Fumie ananifika kifuani.

Sasa fanya hesabu. Asubuhi bakuli mbili za supu, chini juu, chini juu. Mchana hivyohivyo, jioni hivyohivyo, wageni sihesabu. Kwa makisio yangu ya chini kabisa mwanamke huyu amechuchumia mara kumi kila siku ya Mungu kwa miaka hamsini na miwili. Nimeiweka kwenye kikokotoo cha simu: ni mara laki moja na elfu themanini na tisa na mia nane. Laki moja na elfu themanini na tisa, Bwana Minegishi! Ndani ya nyumba yangu, kwenye rafu yangu, kwa mbao zangu. Hakuna mtu duniani aliyefanya mazoezi mengi namna hiyo kisha akapangwa kundi moja na mama wa nyumbani wa kawaida.

Naomba rafu hiyo itambuliwe rasmi kuwa kifaa cha mazoezi, na faida yake ipunguzwe kwenye matokeo yake. Au, kwa kuwa fundi wa kifaa ni mimi, nusu ya faida ihamishiwe kwangu.

7. Kuhusu matokeo ya haya yote, ambayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Vijana wa mji huu wamehama, na ndiyo sababu miaka minne iliyopita tulikubali wanawake nao wabebe. Sikupinga. Fumie aliwekwa katikati, mahali ambapo mtu mfupi anashika mpiko zaidi kwa adabu kuliko kwa bega. Juzi orodha ya mwaka huu imebandikwa nje ya duka la tofu. Mbele kushoto imeandikwa: Kuwabara. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kuvaa miwani. Baada ya Kuwabara limefuata Fumie.

Nilimwuliza mwenyekiti wa chama. Akasema, "Ana nyota, mzee. Wewe huna."

Mpiko wa mbele kushoto uko juu ya bega la mke wangu kwa shubiri nzima. Ili umguse itabidi apande ngazi themanini na sita za mawe akiwa amesimama kwa ncha za vidole, mungu akiwa juu yake na wanaume wanene wakiwa nyuma yake wakipiga kelele. Nilimwambia hivyo mezani. Akaendelea kumenya kiazi. "Basi ndiyo maana wamepima vidole, Baba," akasema. Huniita Baba tangu mtoto wetu wa kwanza.

8. Mapendekezo.

Kama idara yako inashikilia kwamba nguvu lazima zigawanywe kwa umri na jinsia, basi naomba msiishie kwenye mguu. Gaweni na mzigo. Mikoshi ina kilo mia tatu na themanini. Iandikwe kwamba kwa mwanamume wa miaka sabini na tisa ina mia tatu na themanini, kwa mwanamke wa sabini na saba ina mia mbili na sitini, na kwa Nezu ina uzito wa mto wa kulalia. Ngazi nazo zigawanywe. Wanaume wapande themanini na sita, wanawake wapande sitini, na waliovuka themanini na mitano wakute tayari wamefika. Mungu wetu naye ana miaka mia saba kwa makadirio; atafutiwe safu yake, na ikionekana yuko chini ya kiwango, ashuke atembee.

Lakini kama mizigo haigawanyiki, na ngazi hazigawanyiki, na mungu hagawanyiki, basi hakuna jedwali lenye haki isipokuwa moja: safu moja, mstari mmoja, wote sawa, kumi na saba kwa kumi na saba. Liondoeni lile la ukutani. Nitakuja na ngazi yangu mwenyewe na kulibandua bila malipo, na rangi ya ukuta haitachubuka.

Naomba majibu kabla ya tarehe 10 Oktoba, siku tunayofanya mazoezi ya kubeba.

Nisalimie mkeo, mama yako na yule mpokezi wenu mwenye kikohozi, mwambie achemshe tangawizi. Msalimie na Bi Honoka. Aliniletea kiti kabla sijakiomba, na sikumshukuru. Wasalimieni wote walionipita Jumatatu, akiwemo Nezu, ila yeye msimsalimie kwa sauti.

Ni mimi, ninayesimama kwa miguu yote miwili,

Kuwabara Isao
(muhuri)

Nyongeza, 25 Septemba.

Barua ilikuwa imekwisha na nimeshaipiga muhuri. Kwa desturi yangu nilimpa Fumie aipitie, kwa sababu mwandiko wangu ukichoka unakosa vijistari. Alisoma amesimama jikoni. Alipofika namba tatu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipofika namba sita aliacha kucheka. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri.

"Baba," akasema, "usiitume hii."

"Kuna kosa la kuandika?"

"Kuna kosa la kuhesabu. Ulichuchumia mara kumi na nne."

Hapa lazima nieleze jambo nililoliruka. Jumatatu watumishi walikuwa wachache, kwa hiyo wanandoa tulipewa kidude kingine, cha kubonyeza kwa dole gumba, tuhesabiane. Fumie alinihesabia mimi. Nilipofika kumi na nne mguu ulianza kutetemeka, na baada ya hapo, anasema, kisigino hakikuondoka tena sakafuni, kilichokuwa kinapanda ni mabega. Yeye akabonyeza tatu zaidi.

Nikamwuliza kwa nini tatu, wakati ishirini ndiyo iliyotakiwa. Kama mtu anaiba, si aibe ya kutosha?

"Nilitazama jedwali kabla hatujaanza," akasema. "Likasema kumi na sita. Nikaongeza moja ya heshima."

Alikuwa ametazama safu ya themanini, Bwana Minegishi. Kwa hesabu yetu ya nyumbani mimi nina themanini na mmoja tangu Januari. Tulikula wote ule mlo wa Mwaka Mpya. Haikumpitia akilini kwamba serikali ingenifanya kijana.

Kwa hiyo lalamiko namba moja limeanguka, maana kumi na saba yangu haikuwa kumi na saba. Namba mbili limeanguka nalo, kwa kuwa kumi na nne haifiki kumi na sita, hata kwa hesabu ya makaburini. Nimeyapitia yote. Dai lililobaki na miguu ni namba tatu peke yake: mwanamke wa umri wangu wa sasa anadaiwa kumi na nne kamili. Nimelifikiria usiku kucha na ninaliondoa kwa hiari yangu.

Na kwa kuwa tumefika hapa, nami nilikuwa na langu. Fumie alipokuwa akichuchumia, aliyeshika kidude nilikuwa mimi. Alipofika kumi na saba, sawa na mimi, dole gumba langu lilisimama. Sikuwa nimelipanga. Yeye aliendelea tik, tak, tik, tak, utosi unaugusa uzi kama mtu anayechukua bakuli, nami nimesimama na kidole kilichokufa mpaka Bi Honoka akamwambia inatosha.

Nilimwambia hayo jikoni.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nahesabu mwenyewe. Thelathini na moja."

Naomba basi, kama idara yako inaweza kunifanyia jambo moja, karatasi yake isahihishwe iandikwe thelathini na moja. Yangu iandikwe kumi na nne na ibaki hapohapo ilipo. Jedwali liacheni ukutani. Nimelisoma tena kwa utulivu na halina tatizo. Na jiwe la arobaini na moja halikuwa na utelezi. Mguu wa kushoto ulinisaliti, na mungu akagonga taa kwa sababu yangu.

Mwenyekiti nimeshamweleza. Mwaka huu nitabeba zile farasi za mbao, viunzi vya miguu minne, ambazo mikoshi hukalishwa juu yake watu wakipumzika. Nilizitengeneza mimi, nazo hazijawahi kulia. Nitatembea upande wa kushoto, mbele, ili nikitakiwa niwe karibu.

Asubuhi hii nilichukua patasi na msumeno nikaenda kuishusha ile rafu. Fumie alisimama mbele yake na kunyoosha mikono. "Iguse uone," akasema. "Nina sherehe mwezi ujao."

Kwa hiyo itashuka tarehe 19 Oktoba, asubuhi, baada ya chai. Kipimo nimeshakichukua, mara hii kwenye bega lake.

K.I.